Kadi Niliyoituma Msibani

Idrisa mwanangu,

Umetoka kwenda kunyoa na kuaga rafiki zako, nami nimesogeza karatasi za manila na gundi pembeni, nimekaa kwenye meza yangu ya kazi kukuandikia. Sina la kukuambia kuhusu chandarua, sabuni, wala namna ya kulala na begi ndani ya treni. Una miaka ishirini na minne. Ukiibiwa viatu utanunua vingine. Mambo ya aina hiyo shangazi zako watakuambia kesho kituoni mpaka masikio yakuume, na kila mmoja atadhani ameyagundua yeye.

Mimi nataka kukusimulia jambo nililolifanya ulipokuwa kidato cha pili, bweni. Umelisikia vipande vipande kutoka kwa watu, na watu wamekudanganya kwa kunihurumia. Walikuambia mama yako alizidiwa na kazi. Sikuzidiwa na kazi. Soma mpaka mwisho, na usikunje uso. Ukiukunja uso unafanana na baba yako, na leo sitaki kumwona.

Nianze na hao wanaokuchukua. Yule bwana wa kampuni ya uchapaji ya Mwanza, siku alipokuja hapa kwetu Kanyenye, alizigeuzageuza kadi ninazotengeneza kwa mkono kama mtu anayetafuta tundu kwenye soksi. Akakuuliza, "Hii mikunjo umeitoa wapi?" Ukasema, "Ni ya mama." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Hakunisalimia. Akakuuliza tena, "Na yeye aliitoa wapi?" Watu kama hao hawaamini kwamba kitu kinaweza kuanzia Tabora, wanadhani hapa kila kitu kilishushwa kutoka kwenye kichwa cha mpagazi. Halafu akajisifu kwamba mashine yao inakata kadi arobaini kwa muda ambao mimi natafuta miwani. Sawa. Na ikate. Mkunjo wa feni, waridi la tabaka saba, mlango wa nakshi, vyote chukua uwape. Usiniombe tena ruhusa, kama ulivyoniomba wiki nzima hii kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mkia wa paka. Ni karatasi. Anayezijua kasoro zake ni mimi, na nitakuambia kasoro yake kubwa.

Kazi hii nilijifunza nikiwa msichana, nikiuza madaftari kwenye duka la familia moja ya Kihindi pale mjini. Mke wa mwenye duka, Bi Zarina, alikuwa akikaa nyuma ya kaunta mchana wateja wakipungua, anakunja karatasi. Ndiye aliyenifundisha kukandamiza mkunjo kwa kishikio cha kijiko ili manila isipasuke, na kukata kwa wembe mpya siku zote, kwa sababu wembe butu unatafuna. Alitengeneza kadi za sikukuu na za harusi za watu wake, na kila moja aliipeleka mwenyewe kwa miguu, juani, mwavuli mkononi. Hakuuza hata moja. Nilimdharau. Nilijiambia, mama huyu ana dhahabu mikononi, anaigawa kama karanga, na bado anatembea nayo mji mzima kama tarishi.

Nilipoanza kujitegemea niliuza, na nikawadharau walionunua. Hao nawe unawajua, umekulia katikati yao. Mwanamume anaingia hapa jasho linamtoka, amegombana na mkewe, anataka kadi.

"Niandike nini ndani?"

"Ah, si wewe ndiye fundi? Andika chochote cha kumliza."

"Umemkosea nini?"

"Hayo hayakuhusu, Bi Mkubwa. Weka na ua."

Nikaweka na ua. Nilimwekea ua linalofunguka tabaka kwa tabaka, akaondoka anapiga mluzi, deni lake lote la kusema limeishia kwenye manila yangu. Wengine walinunua kadi ya Idi kwa mama mzazi anayekaa Ng'ambo, mtaa ambao wangeufika kwa miguu kabla chai haijapoa. Niliwacheka. Nilikuwa nawahesabu jioni pamoja na Mama Pili, jirani yetu, mmoja mmoja, na kumwiga kila mtu anavyosema, mpaka Mama Pili anashika mbavu. Niliamini kwamba mimi siko kama wao. Mimi niliwauzia woga wao tu, kama mwenye duka la dawa anavyouza dawa ya minyoo bila yeye mwenyewe kuwa na minyoo.

Sasa, shemeji yangu Kasimu.

Mume wa mama yako mdogo Mwajuma hakuwa mtu wa kupendeza kumtazama. Alikuwa mfupi, meno yamepishana, alinunua karanga na mpunga kwa wakulima wa Bukene na kuuza kwa wenye malori, na alicheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, kwa hiyo mara nyingi hatukulisikia. Nilimdharau naye. Nilimwambia Mwajuma siku ya posa kwamba angeweza kupata mtu mwenye umbo. Mtu huyo huyo, ulipokuwa na miaka minne ukashikwa na homa ya degedege, na baba yako yuko Kahama akimzoea mke mpya, alipata habari asubuhi na adhuhuri alikuwa mlangoni kwangu. Mvua ilikuwa imekata barabara ya mtaa wetu, hakuna gari linalopita. Alikufunga mgongoni kwa kanga yangu kama mwanamke na kukupeleka hospitali kwa miguu, watu wanamcheka njiani, naye anacheka nao. Alikaa siku nne. Hakuleta kitu na hakusema neno la maana. Alikaa tu kwenye benchi la nje, kila nikitoka namwona.

Miaka kumi na kidogo baadaye akafa ghafla, Jumatatu alfajiri, akijiandaa kwenda kwenye ghala lake. Mwajuma alinipigia mwenyewe. Hakulia. Alisema, "Dada, Kasimu hayupo. Tunazika alasiri." Nikasema innalillahi, nikasema nakuja.

Nilikuwa na kazi, ni kweli. Tajiri mmoja wa Nzega, mwenye maduka ya vipuri, alikuwa anamwoza binti yake, na alitaka kadi mia tatu za mwaliko, kila moja ikifunguliwa unasimama mlango wa nakshi wenye mbao mbili, kama milango ya nyumba za kale za hapa mjini, na mbao zenyewe zinafunguka, ndani yake majina ya maharusi. Alinichagua mimi. Alikuja na gari mpaka mlangoni na mtaa mzima ukaona. Zilikuwa zimebaki kadi sitini na watu wake wangezifuata Alhamisi.

Nikajiambia, mazishi ya leo nimeshayakosa, gari la asubuhi limekwishaondoka. Nitakwenda hitma, Jumatano. Kisha nikajiambia, nikienda hitma sitarudi kabla ya Alhamisi. Kisha nikajiambia, nitamtengenezea Mwajuma kadi ya rambirambi ambayo haijawahi kuonekana.

Tulia kidogo hapo, Idrisa, uitazame akili ya mama yako ilivyofanya kazi. Kwenda Bukene ukiondoka asubuhi adhuhuri umefika. Kwenda, kukaa hitma na kurudi kungenichukua siku moja na nusu. Kadi ile ilinichukua siku mbili nzima. Jumatatu yote na Jumanne yote nilikata na kukunja kadi ya rambirambi kwa sababu sikuwa na muda wa kwenda kutoa rambirambi. Zile sitini za tajiri nilizimaliza Jumatano na muda ukabaki wa kufagia.

Nilitengeneza nyumba yao ya Bukene. Bati lake, mti wa mbele, baraza, mlango. Mlango ulifunguka kwa kuvuta uzi mdogo mweupe, na ndani ukaonekana mkeka mtupu. Nilijiona nimefika mahali ambapo Bi Zarina hakuwahi kufika. Nilipoona ule mkeka mtupu nililia, na nikayapenda machozi yangu. Nilidhani ndiyo msiba wenyewe.

Jumatano alfajiri Mama Pili akaja kuniaga. Yeye alikuwa anakwenda. Mwajuma alimfahamu kupitia kwangu tu, lakini alikuwa amejifunga kanga mbili na ameshika kikapu cha mchele.

"Wewe hujavaa bado?" aliniuliza.

"Siendi. Nina kazi ya watu. Mpelekee hii."

Akaitazama bahasha, akanitazama mimi. "Bibi wee! Jirani niende, ndugu ubaki?"

"Mpe mkononi kwake," nikamwambia. "Usiikunje. Na mwambie avute uzi polepole."

Hayo ndiyo maneno niliyoyatuma kwenye msiba wa mtu aliyekubeba mgongoni. Avute uzi polepole.

Mama Pili akarudi. Aliniletea salamu za watu wote isipokuwa za Mwajuma. Nikamuuliza kadi imepokewaje, akasema, "Imepokewa." Akaingia kwake na kufunga mlango, na jioni ile hakuja kucheka wateja.

Majuma mawili baadaye nikaenda harusini Nzega. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwa harusi ya mtu nisiyemjua muda ulipatikana. Nilijipaka hina, nikapanda basi, nikaenda kusimama karibu na lango la ukumbi nione nyuso za watu wakiwa na kadi zangu. Pale langoni walikaa vijana wawili wamechoka. Mgeni akifika wananyakua kadi, wanachana pembe yake kuonyesha imetumika, wanaitupa kwenye boksi la sabuni. Mlango wa nakshi, mbao mbili, kila moja nimeikata kwa wembe mpya, unachanwa kama tiketi ya basi. Ndani ya ukumbi nikaona wanawake wanajipepea nazo. Meza ya keki ilikuwa inayumba, mtu akakunja kadi mara nne akaisukumiza chini ya mguu wake. Hakuna mkunjo wangu hata mmoja uliowahi kufanya kazi ya maana kama ule wa kwake. Tajiri alipita mbele yangu mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama mimi ni mmoja wa wapishi.

Nilipandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonipeleka Bukene kesho yake, Jumapili. Huruma haikuwamo. Nilikuwa nimedharauliwa na watu wajinga, nikataka kukaa na mtu aliyepokea kazi yangu nzuri kuliko zote na kuithamini. Hebu fikiri. Nilikwenda kwa mjane kutafuta sifa, hina bado nyekundu mikononi.

Mwajuma alikuwa kwenye eda, amekaa chumbani juu ya mkeka, amejifunika nguo nyeupe, amepungua mwili. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekaa naye mkekani wakichambua mchele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwajuma. Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa."

Nikavua viatu nikaanza kuinama nikae. Akamwita binti yake aliyekuwa ukumbini. Hakupaza sauti.

"Mletee mgeni kiti."

Kikaletwa kiti cha plastiki. Nikaketi juu, wao wamekaa chini, magoti yangu yako usawa wa vichwa vyao. Kisha nikaletewa soda, na kisahani cha kuwekea chupa. Idrisa, nimelelewa kitanda kimoja na Mwajuma. Tumekula sahani moja mpaka nilipoolewa. Katika nyumba yake nilikuwa naingia jikoni na kufunua vyungu bila kuuliza. Siku ile nilishika chupa ya soda kama mkaguzi wa afya, nikainywa yote, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Wale majirani wakaona mambo, wakaondoka. Mwajuma akasema, "Kadi niliipata."

Nikasogeza kiti mbele.

"Tulikuwa katikati ya Yasini," akasema. "Mama Pili alinipa, nikampa mwenzangu aifungue. Ikasimama. Nyumba, mti, kila kitu. Waliokuwa karibu wakaacha kusoma. Waliokuwa mbali wakainuka waje kuona. Wakaipokezana mpaka nje, ikaenda mpaka kwa wanaume. Kuna msichana aliipiga picha. Watu walikuja kumlilia mume wangu, dada, wakaanza kuulizana karatasi ile inauzwa wapi. Nilibaki hapa peke yangu, msahafu uko wazi."

Sasa nitaandika kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata Mama Pili. Aliposema wanaume nao waliitazama, nilifurahi. Furaha ilinipanda kifuani nikashindwa kuizuia. Na nikafungua mdomo huu unaoujua, nikamuuliza mdogo wangu, mjane wa majuma mawili:

"Waliona kwamba mlango unafunguka?"

Alinitazama. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu aliyenipenda. Akasema, "Waliona." Kisha akamwita binti yake tena.

"Mgeni anaondoka. Msindikize mpaka barabarani."

Miaka mitatu hatukuzungumza. Niliporudi niliendelea kutengeneza kadi, kwa sababu ndizo zilizokulipia shule, lakini sikuweza tena kumwiga mteja hata mmoja. Yule wa jasho, aliyetaka kadi ya kumliza mkewe, alikuwa mtu mwaminifu kuliko mimi. Yeye alijua kwamba anakwepa. Mimi nilikwepa nikaita ufundi. Na nilikwepa nini? Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu lake ni dogo la kuaibisha. Niliogopa kukaa mkekani bila kitu mikononi. Niliogopa kumtazama Mwajuma akilia na mimi sina la kumfanyia, sina ufundi wowote wa kuonyesha, niko pale tu kama Kasimu kwenye benchi la hospitali. Kasimu, ambaye nilimwona hana umbo, alikuwa na uwezo huo. Mimi sikuwa nao.

Watu wa mji huu wanapenda kujisifu kwa njia ile ya zamani ya misafara, jinsi babu zetu walivyobeba pembe za ndovu kwa miguu kwenda pwani na kurudi. Babu wa bibi yako alikuwa mmoja wao. Ninachokijua juu yake ni hiki tu, alichosimulia bibi: akirudi safari, kabla hajaingia kwake, alikwenda kwenye nyumba za wenzake waliofia njiani, moja baada ya nyingine, akasimama mlangoni na kusema. Alikuwa ametembea miezi. Angeweza kusema amechoka. Mimi kitukuu wake nilishindwa kupanda gari la asubuhi.

Mwaka wa nne, msimu wa karanga, nilikwenda Bukene bila kuitwa. Sikubeba kitu. Nilimkuta Mwajuma uani na rundo la karanga za kumenya, eda ilikwisha zamani, anaendesha biashara ya Kasimu na anaiendesha vizuri kuliko yeye. Aliniamkia, nikaitika, akasema kiti kiko ndani. Sikukifuata. Nilikaa chini nikaanza kumenya. Siku ya kwanza hakuniambia neno. Ya pili vilevile. Nililala ukumbini, nikala nilichopewa. Kucha zangu hizi za kukandamizia karatasi zilitoka damu. Siku ya tatu jioni akasema, bila kunitazama:

"Unaziponda. Mbegu ikipasuka hainunuliwi."

"Nionyeshe basi."

Akanionyesha. Ndipo tulipoanzia upya. Usidhani tulikumbatiana. Siku hizi tunapigiana simu, tunaongea mvua, bei ya mpunga, watoto. Kasimu hatumtaji. Nikimtaja ananyamaza mpaka nibadilishe maneno, nami nabadilisha. Hiyo ndiyo sehemu iliyoharibika na haitarudi, na sitaki uniambie kwamba itarudi. Kesho treni itasimama Bukene, Mwajuma amesema atakuja kituoni akuone. Teremka umwamkie. Mengine mtajua wenyewe.

Unajiuliza kwa nini nimekuandikia haya leo, wakati nilikuwa na miaka tisa ya kukuambia.

Asubuhi hii nilikuwa natafuta wembe. Nikainua rula yako, nikaiona kadi uliyomtengenezea Rehema wako.

Nilisimama nayo mkononi, na nitakuambia kwanza lile ambalo ungependa kulisikia. Ni nzuri. Huo mkunjo wa nne, ule unaojipinda na kufungua treni ndogo inayotoka kwenye kadi, sijawahi kuuona kwa mtu yeyote, sikukufundisha mimi, na sikujua umefanyaje mpaka nilipoigeuza nyuma. Umenipita. Nilishangaa pale kama wale wanawake wa Bukene na Yasini yao. Halafu nikasoma maandishi.

"Maisha yametupangia njia tofauti. Nitakukumbuka daima. Tafadhali usinisubiri."

Na juu ya bahasha: "Shabani, mpe Jumamosi."

Jumamosi! Kesho ni Alhamisi. Yaani umepiga hesabu. Wewe ufike Mwanza, upumzike, uoge, halafu huku nyuma rafiki yako Shabani, ambaye hawezi kupeleka hata mkate bila kuuonja, ndiye akamwambie msichana wa watu kwamba miaka yenu mitatu imekwisha. Na maisha yamepanga! Maisha yamekupangia nini, Idrisa? Maisha ndiyo yaliyoomba kazi Mwanza? Maisha ndiyo yaliyokata tiketi? Afadhali baba yako. Alipoondoka alisimama pale mlangoni akaniambia kwa mdomo wake kwamba ameoa, nikamrushia sufuria, ikampata begani. Nilimdharau kwa kila jambo alilolifanya kabla na baada ya hapo, lakini kwa dakika ile sijawahi kumdharau. Alisimama akapigwa sufuria.

Mwaka jana nilipofanyiwa upasuaji wa jicho nawe uko kwenye mafunzo Dodoma, aliyenishika mkono chooni ni Rehema. Alifunga cherehani yake siku sita. Sikukuambia umwoe kwa sababu hiyo, na leo pia sikuambii. Mtu haoi kulipa fadhila za mama yake. Kama humtaki, humtaki. Huenda una sababu, na kama unayo, yeye ndiye mwenye haki ya kuisikia, hata kama ni sababu ya kijinga. Mimi sina haki hiyo, wala Shabani hana.

Amekuja hapa mchana huu, baada ya adhuhuri. Ameleta shati lako jeupe, amelipunguza mikono na kulipiga pasi. Akakaa pale kwenye kigoda, akaniamkia, akaniuliza jicho. Kisha akaniuliza, "Mama, Idrisa amesema atarudi lini?"

Ulimi wangu wote huu, Idrisa. Nikasema, "Sijui, mwanangu."

Nilimdanganya, na kadi yako iko chini ya rula, hatua moja kutoka mkononi kwake. Alikuwa anaitazama meza, akasema, "Kazi zenu nzuri jamani," akasogeza kichwa kuangalia. Nilijifanya nakohoa, nikasimama mbele ya meza. Nilikuficha. Nimekasirika tangu saa ile, na sijui kama nimekukasirikia wewe zaidi au mimi.

Nimemwambia aje tena jioni, baada ya isha, akuage. Amefurahi. Amesema atapita.

Kadi yako sijaichana wala kuificha. Iko palepale. Ukiitaka, ichukue umpe kwa mkono wako mwenyewe, kisha usimame mbele yake mpaka amalize kuisoma. Usimweleze mkunjo. Akilia usitafute cha kufanya. Akikuuliza kwa nini, jibu, na ukiona jibu lako linatia aibu, liseme vivyo hivyo. Akikutupia kitu, kwepa usoni tu.

Barua hii nampa Mama Pili akukabidhi ukirudi kinyozi, ili usipate nafasi ya kubishana nami. Mimi nitakuwa kwake mpaka mtakapomaliza. Usije kuniita.

Mama yako,
Bi Maimuna